Chakula cha Kihindi cha nyumbani na afya yako: mwongozo kamili kuanzia dali hadi chapati kavu

Wengi wetu tukisikia chakula cha Kihindi tunafikiria biriani inayong'aa samli, sambusa, bhajia na mchuzi mzito wa kuku. Ni vyakula vitamu, lakini ni vya harusi, vya sikukuu na vya hotelini. Nyumba ya kawaida ya Ahmedabad, Chennai au Mysuru haipiki hivyo Jumanne mchana. Siku ya kawaida kuna dali, wali kiasi au chapati kavu mbili tatu, mboga za aina mbili, mtindi, kipande cha ndimu na achari ya kuonjea. Faida ya kiafya ya mapishi ya India iko kwenye sahani hiyo ya kila siku, na ndiyo nitakayokuonyesha jinsi ya kuipika na kuila.

Niseme mapema kwamba chakula hakimlindi mtu kwa sababu tu ni cha Kihindi. Utafiti mkubwa wa Baraza la Utafiti wa Tiba la India (ICMR-INDIAB), uliochapishwa mwaka 2023, ulikadiria kuwa watu milioni 101 nchini India wana kisukari, na wengine milioni 136 sukari yao imeanza kupanda. Sababu ni nyingi: kurithi, kazi za kukaa kutwa, na mafuta ya tumboni ambayo huwasumbua watu wa Asia Kusini hata wakiwa na mwili mwembamba. Lakini chakula nacho kimechangia. Mapinduzi ya Kijani, yaani kilimo cha mbegu bora na mbolea kilichoanza miaka ya 1960, yalijaza maghala ngano na mchele na kuwaondolea watu hofu ya njaa. Gharama yake ni kwamba uwele, mtama na wimbi vilisukumwa pembeni, mchele ukazidi kukobolewa, na sahani ikajaa wanga. Taasisi ya Taifa ya Lishe iliyoko Hyderabad, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, inashauri nafaka zisizidi asilimia 45 ya nishati ya siku. Wahindi wengi leo wanapata zaidi ya nusu ya nishati yao humo.

Kwa hiyo tunachokifuata hapa ni desturi ya zamani ya mezani, ile ambayo bibi wa kijijini Gujarat au Karnataka angeitambua. Si kila kitu chenye bizari.

Hatua ya 1: Panga upya sahani kabla hujabadilisha upishi

Mlo wa Kihindi hupakuliwa kwenye thali, sinia la chuma lenye vibakuli vidogo. Kila bakuli lina chake: dali, mboga ya mchuzi, mboga kavu, mtindi. Nafaka haipewi sinia zima, inapata nafasi iliyobaki katikati. Mpangilio huo peke yake unapunguza wali bila mtu kuhisi ananyimwa.

Nyumbani kwako huna haja ya kununua sinia. Tumia vibakuli vya chai na sahani moja. Kwa mlo wa mtu mzima asiyefanya kazi nzito, anza hivi: dali iliyoiva kikombe kimoja, mboga za kupikwa kikombe kimoja na nusu za aina mbili tofauti, kachumbari, mtindi nusu kikombe, halafu wali kikombe kimoja au chapati ndogo mbili. Anayelima au kubeba mizigo aongeze nafaka na dali kwa pamoja, asiongeze wali peke yake.

Pakua dali na mboga kwanza, wali mwisho. Ukianza na wali, mkono huzoea kujaza.

Kuna na utaratibu wa kula. Wabengali, kwa desturi, hufungua mlo wa mchana na kitu kichungu: karela (mboga chungu kama tango lenye vipele), majani ya mwarobaini yaliyokaangwa kidogo, au mchanganyiko wa mboga wanaouita shukto. Baada ya hapo huja dali na mboga, kisha samaki, na kitamu hufunga. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kuwa mtu akitanguliza mboga na protini kabla ya wanga, sukari ya damu hupanda taratibu zaidi baada ya mlo. Jaribu hata kama huna karela. Kula nusu ya mboga na vijiko kadhaa vya dali kabla ya kugusa wali.

Hatua ya 2: Dali kila siku

Ukiacha mengine yote ya mwongozo huu, usiiache hii.

Dali ni jamii ya kunde iliyokobolewa na kupasuliwa. Dukani utaona majina ya Kihindi, lakini nyingi unazijua. Toor ni mbaazi. Moong ni choroko, ambazo Kenya huziita ndengu. Masoor ni adesi, zile nyekundu zinazoiva haraka. Chana ni dengu. Mbaazi zina historia yake na sisi: Tanzania inazilima kwa wingi Manyara, Lindi na Mtwara, na sehemu kubwa huuzwa India. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuagiza kutoka nje, bei iliwaangukia wakulima wetu ghafla, na walioumia zaidi ni wale waliokuwa wamelima kwa kutegemea soko hilo moja. Inauma kuona chakula bora namna hii kikingoja mnunuzi wa ng'ambo ilhali jirani yake anakula ugali na maji ya nyanya.

Gramu 100 za dali kavu zina takriban gramu 22 za protini, pamoja na nyuzinyuzi, folati na madini ya chuma. Protini ya nafaka ina upungufu wa lisini, na ya jamii ya kunde ina upungufu wa methionini; vyote viwili ni vijenzi vya protini. Ukila wali na dali, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake, na mwili unapata protini iliyokamilika karibu kama ya nyama, kwa bei ndogo. Ndiyo maana karibu kila jimbo la India lina jozi hiyo kwa sura yake: wali na sambar (mchuzi wa dali, mboga na ukwaju) kusini, chapati na dali kaskazini, na kichri kwa mgonjwa, mtoto na mzee.

Sasa tupike. Kwa watu wanne:

Chukua kikombe kimoja cha mbaazi zilizokobolewa. Osha mara tatu au nne ukisugua kwa viganja hadi maji yawe karibu meupe. Loweka nusu saa na umwage maji hayo. Weka kwenye sufuria na vikombe vitatu vya maji na nusu kijiko cha chai cha manjano. Chumvi bado. Ikichemka, povu litapanda. Liengue, kisha punguza moto na ufunike mfuniko ukiwa umeegeshwa. Itachukua dakika 40 hadi 50, au filimbi tatu nne kwenye sufuria ya presha. Imeiva ukiibonyeza punje kwa vidole ikasagika bila kiini kigumu. Ponda kwa mwiko au mchapo hadi iwe laini, ongeza maji ya moto upate uzito unaoutaka, tia nyanya moja iliyokatwa, chumvi, na ukwaju kidogo. Chemsha dakika kumi zaidi.

Kinachofuata ndicho kinachoipa dali uhai, na kinahitaji macho yako yote. Kwenye kikaango kidogo pasha kijiko kimoja cha chakula cha mafuta au samli. Yakishapata moto, tia nusu kijiko cha chai cha haradali nyeusi. Subiri. Zitaanza kupasuka na kuruka, kwa hiyo shika mfuniko karibu. Mlio ukianza kupungua, tia nusu kijiko cha bizari nyembamba, ambayo itageuka rangi ndani ya sekunde chache. Fuatisha punje mbili za kitunguu saumu zilizokatwa, pilipili kavu moja, majani ya mchuzi kama unayo, na mvuje kidogo sana, kiasi cha ncha ya kisu. Kitunguu saumu kikiwa rangi ya dhahabu, mimina vyote juu ya dali na ufunike papo hapo. Acha dakika tano. Haradali ikiungua itakuwa chungu na hakuna kitakachoiokoa, basi mwaga mafuta hayo uanze upya. Ni kijiko kimoja tu.

Zingatia kiasi cha mafuta: kijiko kimoja kwa watu wanne. Kwa kuwa harufu yote ya viungo imeingia kwenye mafuta hayo machache, ulimi hausikii upungufu. Nakipenda kipengele hiki cha upishi wa Kihindi kuliko vyote.

Wanaosumbuliwa na gesi waanze na choroko zilizokobolewa au adesi, nusu kikombe kwa siku, kisha waongeze kadiri wiki zinavyokwenda. Utumbo huzoea. Kuloweka, kumwaga maji na kuengua povu kunasaidia. Mvuje na tangawizi zimetumika kwa kazi hiyo vizazi na vizazi.

Siku ya uchovu, pika kichri: sehemu moja ya mchele kwa sehemu moja ya choroko zilizopasuliwa, sehemu tano au sita za maji, manjano, chumvi na tangawizi, sufuria moja, nusu saa. Kula na mtindi. Kichri ya nyumba nyingi huwa na mchele mara mbili ya dali. Mimi nakushauri uviweke sawa.

Hatua ya 3: Jifunze chapati isiyo na mafuta

Chapati yetu ya Afrika Mashariki, ya unga mweupe, iliyopakwa mafuta, ikakunjwa na kukaangwa, ndugu yake India ni paratha. Huko nayo huliwa, ila chapati ya kila siku ni nyingine: rotli kwa Wagujarati, phulka kwa wengine. Ni nyembamba, ya unga wa ngano nzima, haina tone la mafuta kwenye kikaango, na inavimba kama puto juu ya moto. Ukibadilisha jambo moja tu katika nafaka zako, badilisha hili.

Tafuta unga wa atta, ule wenye rangi ya kahawia hafifu, au peleka ngano mashineni wakusagie bila kukoboa. Vikombe viwili vya unga, chumvi kidogo ukitaka, na takriban robo tatu ya kikombe ya maji ya uvuguvugu, ukimimina kidogo kidogo. Kanda dakika nane hadi kumi. Donge liwe laini kuliko la chapati ya kawaida: ukilibonyeza kwa kidole, shimo libaki bila kupasuka pembeni. Funika kwa kitambaa kibichi nusu saa. Hapo usiharakishe, maana pumba zinahitaji muda wa kunywa maji, na bila hivyo chapati itakuwa ngumu.

Gawa madonge kumi au kumi na mawili. Sukuma duara la upana wa kiganja kilichonyooshwa, pembeni na katikati unene uwe mmoja. Chuma cha chapati kiwe cha moto sana na kikavu. Weka chapati, na baada ya kama nusu dakika utaona vipele vidogo juu. Geuza. Upande wa pili upe dakika moja hadi madoa ya kahawia yatokee. Sasa itoe kwa koleo na uiweke moja kwa moja juu ya moto wa gesi, upande wa kwanza ukiwa chini. Ndani ya sekunde chache mvuke ulio ndani utatenganisha tabaka mbili na chapati yote itavimba. Kwa jiko la mkaa, iache kwenye chuma na ubonyeze pembeni kwa kitambaa safi kilichokunjwa, itavimba vivyo hivyo. Isipovimba, mara nyingi imesukumwa vibaya ikawa na sehemu nyembamba iliyotoboka, au chuma hakikuwa na moto wa kutosha. Bado inalika.

Zipange kwenye hotpoti iliyotandikwa kitambaa. Nyumba nyingi hupaka samli kidogo sana juu ya kila moja. Ukifanya hivyo, iwe ncha ya kijiko.

Kisha zungusha nafaka. Magharibi mwa India, Gujarat, Rajasthan na Maharashtra, bado wanachapa mikate ya uwele na ya mtama kwa viganja. Karnataka wana ragi mudde, tonge la mviringo la unga wa wimbi ambalo mtu wa Kisii au Kilimanjaro angelitambua mara moja. Wimbi lenyewe lilitoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, likavuka bahari kwenda India maelfu ya miaka iliyopita. Gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, kiasi ambacho mchele mweupe haukaribii hata kidogo. Kwa pendekezo la India, Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka hizi ndogo, na huko bei na heshima yake vimeanza kupanda. Kwetu wimbi limebaki uji wa mtoto na wa mzazi. Lirudishe kwenye mlo wa mchana wa watu wazima: chemsha maji vikombe viwili, mwaga kikombe cha unga, songa kama ugali, kula na dali nyepesi yenye ukwaju.

Wali haukatazwi. Upunguze, na uule pamoja na dali nyingi.

Hatua ya 4: Mboga mbili, moja kavu moja ya mchuzi

Bamia, biringanya, mabiringani madogo ya kujazwa, maboga, kunde mbichi, mchicha, majani ya uwatu, kabichi, cauliflower, maganda ya mlonge kwenye sambar. Jiko la Kihindi linaipa mboga hadhi ya mlo, si kitoweo cha kusukumia ugali. Watu wengi India hawali nyama kabisa, na wengi zaidi huila kwa nadra, kwa hiyo vizazi vingi vya wapishi vimetumia akili zao zote kwenye mboga.

Mboga kavu haina siri kubwa. Haradali na bizari nyembamba kwenye vijiko viwili vya mafuta, mboga iliyokatwa, manjano, unga wa giligilani, chumvi, funika, moto mdogo, iive kwa maji yake yenyewe. Bamia pekee zisifunikwe, na zikaushwe vizuri kabla ya kukatwa, la sivyo zitateleza. Malizia kwa kotmiri na ndimu.

Ndimu hiyo si pambo. Madini ya chuma yaliyomo kwenye dali na majani hufyonzwa kwa shida, na vitamini C huongeza ufyonzwaji wake kwenye mlo uleule. Ukipikia kwenye karai ya chuma halisi, hasa vyakula vyenye ukwaju au nyanya, chuma kidogo huhamia kwenye chakula. Karai za bibi zilikuwa na faida hiyo kabla ya sufuria za alumini.

Hatua ya 5: Kila siku kitu kilichochachuka

Mtindi ndio njia nyepesi. Chemsha nusu lita ya maziwa, acha yapoe hadi kidole kivumilie joto bila kuungua, koroga kijiko kimoja cha chai cha mtindi wa jana, funika, weka mahali penye joto saa sita hadi nane bila kuutikisa. Wanaosumbuliwa na maziwa mabichi mara nyingi huuvumilia, kwa sababu bakteria wamekwishakula sehemu ya laktosi. Mchana wa joto Wagujarati hunywa chaas: sehemu moja ya mtindi kwa sehemu tatu za maji, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, tangawizi, kotmiri, chumvi kidogo. Ikae mahali pa soda mezani.

Kusini kuna idli, vikeki laini vya mvuke, na dosa, mkate mwembamba wa kikaangoni. Vikombe vitatu vya mchele na kikombe kimoja cha dali nyeupe ya urad, kila kimoja kilowekwe saa nne hadi sita, dali ikiwa na nusu kijiko cha mbegu za uwatu. Saga dali peke yake hadi iwe na hewa kama krimu, saga mchele ubaki na chembechembe kidogo, changanya kwa mkono na chumvi. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, saa nane zinatosha kuuumua. Nairobi au Arusha wakati wa baridi, uache ulale jikoni hadi asubuhi ukiwa umefunikwa blanketi. Uache nafasi kwenye sufuria, maana utapanda karibu mara mbili. Idli hupikwa kwa mvuke dakika kumi hadi kumi na mbili, bila mafuta. Uchachushaji hupunguza faiteti, ile inayofunga madini ya chuma na zinki yasifyonzwe, na huongeza baadhi ya vitamini B. Kama asubuhi yako ni mandazi na chai ya sukari, idli mbili na bakuli la sambar zitakufikisha saa saba mchana bila njaa ya ghafla.

Hatua ya 6: Viungo, na unachoweza kutarajia

Hapa ndipo maneno mengi yasiyo ya kweli husemwa, na watu wanaouguliwa huuziwa matumaini.

Chukua manjano. Jaribio la mwaka 1998 lilionyesha kuwa kiini chake, kurkumini, kikiliwa pamoja na kiini cha pilipili manga, hufyonzwa zaidi kwa asilimia 2,000. Takwimu hiyo imezunguka dunia nzima. Lakini waliopimwa walimeza gramu 2 za kurkumini safi, na unga wa manjano una takriban asilimia 3 tu ya kurkumini. Nusu kijiko unachotia kwenye dali kina makumi machache tu ya miligramu. Vidonge vyenye kiasi kikubwa navyo si salama kwa kila mtu, kwani vimehusishwa na kuumia kwa ini. Uwatu vivyo hivyo: tafiti za Hyderabad zilizochapishwa mwaka 1990 zilionyesha kuwa unashusha sukari kwa wagonjwa wa kisukari, ila kwa kiasi kikubwa mno kuliko cha jikoni.

Je, viungo havina maana? Vina maana kubwa, kwa njia nyingine. Vinakufanya ule dali na mboga mwaka mzima bila kuchoka, kwa mafuta machache na chumvi kidogo. Dawa iko kwenye dali, na viungo ndivyo vinavyokurudisha kwenye dali.

Nunua manjano mazima uyakaushe na kuyasaga, au nunua unga kwa mtu unayemwamini. Mwaka 2019 watafiti walithibitisha kuwa Bangladesh manjano yalikuwa yakipakwa rangi yenye risasi ili yang'ae, na tatizo hilo limeonekana pia sehemu za India. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Unga unaong'aa kupita kiasi uache dukani.

Hatua ya 7: Vipunguze hivi

Vya kukaanga kwenye mafuta mengi virudi kwenye sikukuu vilikotoka. Samli ya kweli ni nzuri kwa harufu, lakini zaidi ya nusu yake ni mafuta yanayoganda, kwa hiyo ipimwe kwa kijiko cha chai. Mafuta ya mgando ya viwandani usiyape nafasi kabisa. India yenyewe ilishusha kikomo cha mafuta ya transi, yale mabaya yanayotokea mafuta yakigandishwa kiwandani, hadi asilimia 2 kuanzia mwaka 2022. Mbadala ni kile ambacho kila jimbo limetumia: karanga Gujarat, ufuta Tamil Nadu, haradali Bengal, nazi Kerala, hiyo ya mwisho kwa kiasi.

Achari na papadi zina chumvi nyingi. Kikomo cha siku ni gramu 5, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote, hivyo achari iwe kipande kimoja. Chai ya maziwa yenye sukari haimo katika desturi ya kale. Ilienezwa na kampuni za chai za enzi ya Waingereza katika karne ya 20. Inywe saa moja au zaidi mbali na mlo, kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa.

Hatua ya 8: Saa ya kula

Mlo mkubwa mchana, mdogo jioni. Wajaini washikao dini yao hawali baada ya jua kuzama, kwa sababu ya kutodhuru viumbe wadogo wasioonekana gizani. Mwili nao unafaidika, kwani usiku insulini haifanyi kazi vizuri kama mchana. Huna haja ya kufika huko. Kama unakula saa tatu usiku, sogeza hadi saa moja, na iwe kichri au supu ya dali.

Kaa chini kama magoti yanaruhusu, nawa, kula kwa mkono wa kulia, zima televisheni. Anayekula kwa mkono hupima joto kwa vidole na humega kidogo kidogo, na akila polepole hushiba kabla hajavimbiwa. Baada ya kula tafuna shamari, zisizopakwa sukari.

Wahindu wengi hufunga siku ya Ekadashi, mara mbili kwa mwezi. Ni desturi nzuri, mradi futari isiwe viazi vya kukaanga na sabudana (punje za wanga wa muhogo), kama ilivyo siku hizi kwa wengi.

Mapengo ya kuziba, na wanaopaswa kuwa waangalifu

Ulaji wa mboga tupu una pengo la vitamini B12, ambayo haipatikani kwenye mimea. Kama huli nyama, samaki wala mayai, mtindi na maziwa vinasaidia kidogo, lakini pima damu na utumie kidonge ukishauriwa. Upungufu wake huharibu neva polepole, ganzi ya miguu ikiwa dalili mojawapo. Upungufu wa damu nao ni tatizo kubwa: takwimu za serikali ya India za mwaka 2019 hadi 2021 zilionyesha asilimia 57 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Mwanamke mjamzito asiache vidonge vya chuma vya kliniki eti anakula mchicha na dali. Hakuna ubaya wowote kuweka dagaa au yai kwenye thali yako. Wabengali na watu wa Kerala wamekula samaki siku zote.

Mgonjwa wa figo asiongeze dali bila kupangiwa kiasi na mtaalamu wa lishe, kwa sababu ya potasiamu na protini. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asimeze vidonge vya manjano. Na mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, akipunguza wali na kuongeza dali, uwatu na karela kwa mara moja, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Apime mara nyingi zaidi wiki mbili za kwanza, aandike namba, na azipeleke kwa daktari wake ili dozi ibadilishwe ikibidi.